Breki Isiyoachia Pia ni Mbovu

Wapo wanaodhani kwamba breki huharibika kwa njia moja tu, nayo ni kukataa kushika. Nami nilikuwa miongoni mwao, licha ya kufundisha fizikia kwa miaka mingi, hadi gari la shule yetu liliponitia adabu.

Gari lenyewe ni Land Rover ya Series III, aina iliyoundwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Lilitoka kiwandani na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Dramu ikiingia maji, au ikipata moto katika mteremko mrefu, nguvu zake hupungua, na barabara ya kuteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate haina huruma na breki za namna hiyo. Ndiposa ikaamuliwa magurudumu ya mbele yafungwe disiki, ambazo hupoa upesi kwa kuwa ziko wazi kwenye upepo. Uamuzi huo siulaumu hata kidogo.

Fundi alifunga disiki, pedi na kalipa zibebazo pistoni, vyote vipya. Akaliendesha gari mbele ya lango, akakanyaga breki, likasimama papo hapo. Akalipwa. Juma lililofuata, dereva akiwateremsha wanafunzi kwenda mashindano ya muziki, magurudumu ya mbele yalianza kunuka moto. Kabla hawajafika Mwatate pedeli ililainika, kisha ikazama hadi sakafuni. Dereva alirudisha gia chini na kuliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima. Hakuna aliyeumia. (Wazazi hawakuambiwa, jambo ambalo hadi leo linanikera.)

Gari lilirudishwa gerejini mara tatu. Mara ya kwanza zilibadilishwa pedi, mara ya pili kalipa, na mara ya tatu tukaambiwa ati magari ya zamani hayapatani na vitu vya kisasa. Kila mara tulilipa.

Hatimaye niliwatoa wanafunzi wa kidato cha tatu darasani. Tuliinua gurudumu la mbele kwa jeki, nalo likazunguka vyema. Tulipokanyaga breki na kuiachia mara kadhaa, likakataa kuzunguka. Tukafungua kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa: mafuta yakaruka, gurudumu likawa huru. Basi pistoni haikuwa imekwama, bali kulikuwa na shinikizo lililonaswa katika paipu. Lilinaswa wapi? Tukakanyaga tena, safari hii tukalegeza paipu pale inapotoka kwenye masta silinda, na gurudumu likaachia vilevile. Kwa hiyo mpira wa paipu haukuwa umeziba. Fimbo inayosukuma masta silinda nayo ilikuwa na nafasi yake ya kurudi. Ikabaki masta silinda yenyewe, kipuri pekee ambacho hakuna aliyekishuku, maadamu ilikuwa nzima na haivuji tone.

Ilikuwa ile ile ya zamani, ya dramu. Masta silinda nyingi za dramu huwa na vali ndogo inayobakiza shinikizo la takriban pauni 10 kwa inchi mraba hata mguu ukishaondoka. Kwenye dramu jambo hilo lina manufaa: hewa haivutwi ndani kupitia mipira ya silinda za magurudumu, na springi za viatu vya breki zina nguvu kulishinda shinikizo hilo. Disiki haina springi kama hizo. Pistoni yake hurudishwa na mpira wake tu, tena kwa nafasi ndogo mno, hivi kwamba shinikizo hilo dogo latosha kuzifanya pedi ziendelee kusugua. Msuguano huleta joto, mafuta ya breki huchemka, hasa yakiwa yamenyonya unyevu, na mvuke hubanika ilhali mafuta hayabaniki. Hapo ndipo pedeli huzama.

Tulitafuta masta silinda inayofaa disiki mbele na dramu nyuma, na tatizo likaisha.

Lakini si gari linaloninyima usingizi. Kwa miaka yote hiyo niliwachorea wanafunzi breki za haidroli, nikawafunza kanuni ya Pascal, nikawataka wakokotoe nguvu inayofika gurudumuni mguu unapokanyaga. Sikuwahi kuwauliza shinikizo huenda wapi mguu unapoondoka. Fundi yule naye alipima tu iwapo gari linasimama, na huenda alifunzwa na mwalimu kama mimi.

Nawasihi wakuu wa shule zenye magari ya zamani: fundi akibadilisha breki, aandike pia vipuri vilivyobaki vya zamani. Tena kabla ya kumlipa, gari liinuliwe, breki ikanyagwe na kuachiwa, kisha kila gurudumu lizungushwe kwa mkono. Jeki ipo, wanafunzi wapo, na kazi yenyewe haimalizi kipindi kimoja.