Anasa ya Nani?

Mwandishi aliyedai kwamba utafiti wa maradhi ya farasi ni anasa ya matajiri wa mbio amehesabu farasi, akamsahau punda. Hao ni ndugu wa damu, na maradhi yao mengi ni mamoja. Mjini Lamu, mawe, mchanga na saruji hupita vichochoroni mgongoni mwa punda. Tajiri hapo ni nani?

Chukua kasoro ya mafuta kufurika katika damu. Punda mnene, hasa jike mwenye mimba, akisusa chakula kwa jino bovu, au hata kwa kutengwa na mwenzake, mwili huanza kuyeyusha akiba yake ya mafuta bila kujizuia. Ini huelemewa, figo hufuata. Mtoe damu, iache chupa itulie: maji ya juu, yaliyopaswa kuwa maangavu, yamekuwa meupe kama tui. Asiyejua husema mnyama mnono atastahimili njaa siku mbili tatu. Siku hizo hizo ndizo humuua, na hilo tumelijua kwa utafiti.

Na farasi wenyewe? Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwatia poni wazima insulini nyingi, sukari ya damu ikidhibitiwa. Kwato ziliwaka kwa ndani. Kabla ya hapo lawama nyingi zilitupiwa nafaka. Leo farasi mnene hupimwa insulini kabla hajaanza kuchechemea, akapunguziwa majani mabichi yenye sukari. Kipimo hicho hakiulizi mwenye mnyama ana shilingi ngapi.