Pombe Hatunywi, na Tambuu Je?

Kila saratani ikitajwa barazani, hakosi mtu wa kusema: "Sisi Waislamu hatunywi pombe, na wanaume wetu hutahiriwa. Maradhi hayo si yetu sana." Pana ukweli hapo. Pombe huchangia saratani ya ini, koo na matiti, na tohara hupunguza kuenea kwa HPV, virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Lakini tuwatazame waumini wa Marekani waliochunguzwa miaka mingi.

Wasabato wa California walianza kufuatiliwa na watafiti wa Loma Linda mwaka 1958. Kwa kuwa wengi wao hawavuti sigara, saratani ya mapafu kwao ni haba. Baadaye Wasabato walilinganishwa wao kwa wao: walioacha nyama, au kuila kwa nadra, walipata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 22 pungufu kuliko wenzao. Kanisa moja, sahani mbalimbali.

Utah, jimbo la Wamormoni, ndilo lenye saratani ya mapafu chache zaidi nchini humo, maana dini yao imekataza tumbaku. Ila saratani kali ya ngozi ni miongoni mwa zilizo nyingi zaidi huko. Ni watu weupe wanaoishi nyanda za juu, na jua halimuulizi mtu anasali wapi.

Turudi kwetu. Sigara na shisha (iliyopigwa marufuku Desemba 2017, na bado yavutwa) tunazijua. Tambuu je? Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishathibitisha kuwa popoo, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Nasi twaikaribisha harusini kwa sinia. Shangazi yangu, mtafunaji wa miaka mingi, alikaa na kidonda shavuni karibu mwaka mzima akisukutua kwa maji ya chumvi. Hakumwambia mtu. Alipopelekwa hospitali, kilikuwa kimeshafika kwenye taya.

Kisha kuna chanjo ya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Nimesikia wazazi wakikataa: "Binti yangu ana maadili." Sawa, anayo. Lakini ataolewa, na virusi hivyo mume aweza kuja navyo bila mwenyewe kujua, ndani ya ndoa ya halali kabisa. Tohara hupunguza hatari hiyo, haiiondoi. Mwenye binti wa umri huo na aulize kwenye zahanati iliyo karibu naye wiki hii.