Likizo, alizeti na mama

Haya wadau, likizo ndefu hiyoo inakuja, na najua wengi wetu wa Singida tunarudi na hesabu ya alizeti kichwani. Kwetu Ilongero chuo kinafunga wakati mavuno yameshaingia nyumbani. Mtu unanunua magunia, unapeleka mashineni, mafuta unauza kwa dumu, mashudu wanachukua wafugaji. Bumu lenyewe halitoshi, kwa hiyo simlaumu mtu.

Ila kuna kauli moja siikubali: "Biashara naifanyia nyumbani, si niko na familia?" Thubutu! Mama anapepeta, wadogo zako wanabeba magunia, wewe uko kwenye simu na wateja. Hapo umepata vibarua wa bure, hujakaa na familia. Tangu uondoke Oktoba, mama hajapata hata nafasi ya kukusimulia mwaka wake ulivyokwenda.

Mimi naona hivi. Anayefanya kazi alipwe, hata awe mdogo wako. Giza likiingia simu izimwe, watu wakae kwenye ugali wa uwele na mlenda, wapige stori.

Mtasema faida itapotea. Faida ipi? Wakati wa mavuno kila mtu anauza, bei iko chini. Ikija kupanda sisi tuko darasani. Bora umwachie mama magunia kadhaa, mgawane nusu kwa nusu akiuza.

Alizeti mwakani italimwa tena. Bibi yangu ana miaka 80 na ushee.

Nawasilisha.