Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Alamu za Nyumba na Laini ya Simu



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, kuna mtindo umeingia mitaani kwetu na kila mtu anausifu. Leo nitausema upande wake wa pili.

Kijana aliyeko Brussels au London anapata habari kwamba wezi wamepita karibu na kwa mama yake hapa Nyamirambo. Anachangishana na ndugu zake, inanunuliwa alamu ya nyumba, anatafutwa fundi. Fundi anafunga vifaa vya kuhisi mtu mlangoni na madirishani, king'ora chini ya paa, na kisanduku chenye laini ya simu ndani yake. Kisha anauliza: "Niandike namba za nani?" Inaandikwa namba ya kijana, ya dada yake, na ya shemeji aliyeko Dubai. Namba tatu, zote za nje ya nchi! Mama mwenyewe hajafundishwa hata kuizima.

Sasa tujiulize. Mwizi akivunja dirisha saa nane ya usiku, simu italia Brussels. Tuseme kijana ameamka na kupokea. Atampigia nani? Namba ya jirani hana. Namba ya kiongozi wa mtaa hana. Atampigia mama, ambaye yumo chumbani anatetemeka! Je, huo ndio ulinzi tuliolipia?

Asije mtu akasema mwalimu anapinga maendeleo. Kuchukua hadhari tumehimizwa, na kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha bedui na ngamia wake: kwanza kamba, ndipo tawakkul. Ninachokipinga ni kufunga kamba isiyoshikwa na mtu upande wa pili.

Wengi wetu tunadhani alamu ni mashine inayojitosheleza. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika karne ya 19, mjini Boston, Marekani, Edwin Holmes alifanya biashara ya kengele za wizi zinazotumia umeme. Waya zilitoka kwenye majengo ya wateja hadi ofisini kwake, na pale palikuwa na watu wanaokesha. Waya hizo hizo ndizo zilizotumika mwaka 1877 kuunganisha simu za mwanzo za mji ule. Kwa hiyo kengele na simu ni ndugu wa zamani. Lakini biashara ya Holmes haikuwa waya peke yake. Mteja alilipia mtu aliye macho, anayejua nyumba ipi imelia na nani wa kutumwa. Sisi tumenunua waya, mtu tukamsahau.

Tena laini yenyewe ina udhaifu wake, na muuzaji hatakuambia:

1. Laini ya zamani ya waya wa shaba hupata umeme wake kutoka kituo cha simu, hivyo hufanya kazi hata umeme wa nyumbani ukikatika. Lakini waya huo hupita nje ya nyumba. Mwizi anayeujua akiukata kwanza, alamu inabaki bubu.

2. Simu inayopitia intaneti inategemea kifaa kilichochomekwa ukutani. Umeme ukikatika na hakuna betri ya akiba, laini nayo imekufa.

3. Kisanduku cha laini ya mkononi, ambacho ndicho kilichoenea kwetu, kinahitaji salio kama simu yoyote ya kulipia kabla. Kupiga Ulaya kunakula salio haraka. Na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huweza kuifunga. Umeweka mlinzi, kisha hujui kama yu hai!

Wala si tatizo la kwetu peke yetu. Uingereza, ambako wengi wetu tuna ndugu, laini za waya wa shaba zilipangiwa kuzimwa Desemba 2025, kisha tarehe ikasogezwa hadi Januari 2027. Moja ya mambo yaliyozua wasiwasi ni wazee wanaovaa kidude shingoni: akianguka anabonyeza, na simu inaita kituo cha msaada. Baada ya kuhamishiwa laini mpya, baadhi ya vidude vilishindwa kupiga wakati wa dharura. Desemba 2023 makampuni makubwa ya simu yakakubali kusimamisha kuwahamisha watu kwa lazima mpaka usalama wa wazee hao uhakikishwe. Ikiwa nchi yenye mafundi wote wale imekwama hapo, sisi tunaofunga kisanduku na kukisahau tuna hoja gani?

Najua nitajibiwa: "Ustadhi, jirani wa siku hizi ndiye mwizi mwenyewe." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, na yananisikitisha. Ndugu yangu, hujui hata jina lake, umejuaje kwamba ni mwizi? Umeishi ukuta kwa ukuta miaka mitano, hujampelekea hata sahani ya futari, leo unamhukumu! Haki ya jirani tunaisomesha watoto madrasa, kisha wakirudi nyumbani wanakuta geti limefungwa na baba anasema, "Usimsalimie yule."

Halafu hakuna aliyesema umpe jirani ufunguo. Anachotakiwa kufanya ni kidogo: apokee simu, awashe taa ya nje, apige kelele, aite watu wa irondo wanaozunguka mtaani usiku, na hapa Rwanda apige 112 kuita polisi. Hayo yote anaweza kuyafanya kabla kijana wa Brussels hajavaa miwani.

Tena jirani huyo king'ora anakisikia utake usitake. Marekani, kwa miaka mingi, zaidi ya 90 kwa 100 ya alamu zilizowaita polisi zilikuwa za uongo: paka amepita, mwenye nyumba amekosea namba ya siri, betri imechoka. Yako ikilia hivyo mara tatu bila wewe kwenda kuomba radhi na kueleza, siku ya mwizi wa kweli jirani atajifunika shuka. Utamlaumu kwa lipi?

Basi kwa wenye alamu, na kwa vijana wetu mlioko nje mnaowanunulia wazazi, nawaomba mfanye haya wiki hii:

- Namba ya kwanza iwe ya mtu anayeweza kufika mlangoni kwa miguu. Ya pili iwe ya jirani mwingine au kiongozi wa mtaa. Yako ya Ulaya iwe ya mwisho.
- Nenda mwenyewe, au mtume mtu mzima, mkaongee na jirani huyo kwa heshima. Usimwandike kimya kimya.
- Kila mwezi iwasheni alamu makusudi mchana, muone kama simu inalia kweli. Angalieni salio na betri.
- Zimeni umeme wa nyumba, mjaribu tena.
- Mfundisheni mama na watoto wakubwa kuiwasha na kuizima.

Na asiye na uwezo wa kununua alamu asijione hana ulinzi. Akiwajua majirani zake watatu kwa majina na namba zao, ana kitu ambacho nyumba nyingi zenye king'ora hazina. Mwenye kisanduku naye aanze kwa kubisha hodi nyumba ya pili, leo baada ya Maghrib.

Wabillaahi tawfiiq.