Kabla ya kusema nchi iko safi, hesabuni kwanza makala

Vijana wenzetu, mwaka 2022 na mwaka 2023 walitutangazia kwamba uchumi wa Congo umekua kwa zaidi ya 8%. Muzuri. Leo nchi yetu ni ya pili duniani kwa shaba, nyuma ya Chile. Shaba ile inaenda kutengeneza motoka za umeme za watu wengine, kwa hiyo wanaongeza tena kwamba ukuaji wetu unalinda mazingira. Miye nilisomea ekonomia, niko na diploma na sina kazi, basi niko na wakati wa kusoma hizo hesabu. Njo pale nilishangaa.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliweka malengo ya maendeleo, na lengo la 7 ni la nishati. Kipimo chake kimoja kinauliza: katika nishati yote nchi inatumia, sehemu gani inatoka kwa vitu vinavyorudi, kama maji, jua na upepo? Congo iko juu kabisa, zaidi ya 90%. Ujerumani, na pesa yake yote, haifike hata 30. Tumeshinda Wajerumani! Sasa panneau ngapi za jua umeona mu Bongonga?

Jibu liko mu mbabula ya mama. Kipimo kile kinahesabu kuni na makala kama nishati inayorudi, juu muti ukikatwa unaweza kuota tena. Unaweza. Lakini ulize wale wanaosukuma kinga zenye mifuko ya makala ku barabara ya Kasenga: miti wanaifuata mbali zaidi kila mwaka. Pori la miombo linalozunguka Lubumbashi halipewi wakati wa kuota. Ku karatasi tuko mabingwa, na ku Bel-Air na Hewa Bora (majina gani hayo!) tunapika bukari ndani ya moshi.

Lengo lile lile liko na vipimo vingine. Wanaopika kwa nishati safi, Congo ni chini ya 5 kwa 100. Wenye courant ni kama mtu mmoja juu ya watano. Hizo mbili hazisikiki sana mu hotuba.

Kuna tena ile ya kugawanya nishati juu ya pato la taifa. Hesabu ikishuka, wanasema nchi inatumia nishati vizuri. Lakini migodi ikitoa shaba nyingi, pato linaweza kupanda haraka kuliko nishati, hesabu inashuka, wanapiga makofi. Kwetu tuko watu 9, na mfuko wa makala bado haumalize wiki tatu.

Na hizo makala zenyewe, zinakadiriwa tu kufuatana na idadi ya watu. Watu nao, mara ya mwisho Congo ilibahesabu ni mwaka 1984. Mama yangu alikuwa mtoto.

Takwimu tunazihitaji, juu bila takwimu kila mtu anapiga mdomo. Ku barrière makala inalipishwa kodi mfuko kwa mfuko, maana hesabu iko mahali fulani. Tunaomba mji na province waitoe kila mwezi, ikae pembeni ya tani za shaba. Watuambie tena umeme wa Nseke, Nzilo na Mwadingusha, pamoja na ule unaotoka Inga kwa waya wa kilomita kama 1,700 uliomalizika 1982: migodi inakula ngapi, mitaa inabakiziwa ngapi?

Wakinyamaza, tutahesabu shiye wenyewe. Daftari, bic, watu wawili wawili ku barabara ya Kasenga, ya Kipushi na ya Likasi, kabla jua halijatoka, juu makala inaingia mapema. Kila mfuko mustari moja. Mwenye kutaka kuja aandikishe jina kwa ndugu wa kartié yake.