Kawia Ufike

Mpenzi msomaji, wiki hii tuongee likizo. Nakulenga hasa wewe wa Chamazi unayetazama visiwa vya Ugiriki kwenye runinga, nyumba nyeupe na bahari ya buluu, halafu unaguna, "Hayo ya wenye nazo." Sikia bwana, kisiwa unacho jirani na wala hakihitaji viza.

Panda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, utafute basi la Nyamisati. Mtashuka na Barabara ya Kilwa, mtapita Mkuranga, na pale Bungu mtaiacha njia kuu na kukata kushoto kufuata bahari. Nyamisati ni boti. Mnaiacha mikoko ya delta ya Rufiji nyuma, mnavuka, na hatimaye hao, Kilindoni, kisiwani Mafia!

Sasa watu wa mjini hupenda kwenda na saa ya mkononi. Baharini saa ni maji. Yakipwa, mnasubiri yajae, hata uwe bosi wa nani. Mwenye ruhusa ya siku mbili ataimalizia gatini akiwa amenuna. Tenga siku nne au tano, na nauli ya kurudi mkabidhi mama watoto aifunge kwenye pindo la kanga.

Ukishuka, amkia watu. Kaptura iache ufukweni, mjini wana heshima zao. Kati ya Oktoba na Machi ulizia papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Usitimue mbio, anakula vijidudu vya baharini, si wewe! Ila usimguse. Ukivuka kwenda Chole utaona magofu na popo wakubwa. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, hivyo andaa kiingilio.

La mwisho, na hapa sitanii. Sikukuu zikikaribia kila mtu anataka kuwahi. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi. Julai 2012 ikafuata MV Skagit, iliyotoka hapa hapa Dar kwenda Unguja. Mamia hawakurudi. Ukiona chombo kimefurika, au jaketi la kuokolea hulioni, shuka, hata kama umeshalipa. Wenzako wakikuita mwoga, waache wacheke. Nauli hutafutwa nyingine, roho haitafutwi.

Safari njema, tuonane wiki ijayo.