Diski Mbili Si Bekapu

Ukimwambia mtu mkutane tao, atakwambia, "Nitakungoja Archives." Jengo lile la Moi Avenue lilikuwa la Bank of India kabla ya kuwa hifadhi ya nyaraka za taifa. Sisi tumeligeuza kuwa steji. Tunasimama nje tukitazama simu, na wengi wetu hatujawahi kuingia. Kumbukumbu zetu wenyewe tunazitendea hivyo hivyo.

Angalia mtindo ulioingia Kilimani, Lavington na Kileleshwa. Mpiga picha au mtu wa podikasti ananunua kisanduku cha diski mbili, Synology ama QNAP, anakichomeka kwa rauta chini ya TV, halafu anatangaza kwamba hatalipia tena wingu la mtu. Ukimuuliza kuhusu bekapu, anacheka. "Yangu iko sawa, iko RAID."

Haiko sawa, bana. RAID ya diski mbili inakukinga na diski moja kufa. Basi. Ukifuta folda saa nane usiku ukiwa na usingizi, inafutika kwa diski zote mbili. Mwizi akiingia habebi moja akuachie nyingine. Na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, hata JKIA ikakaa gizani, ni visanduku vingapi vilizimika katikati ya kuandika faili, bila betri ya akiba?

Kisha kuna wanaokuja kupitia mtandao. Juni 2021, wenye diski za My Book Live za Western Digital waliamka wakakuta zimefutwa. Kampuni ilikuwa imeacha kuzitolea apdeti tangu 2015. Januari 2022 ikawa zamu ya QNAP: programu iitwayo Deadbolt ilifunga faili za watu na kudai bitcoin 0.03 ili izifungue. Vifaa hivyo vilikuwa vinafikika moja kwa moja kutoka intaneti.

Utaniambia, nani atahangaika na mimi hapa Kawangware? Programu hizi haziulizi mtaa. Zinapita anwani za intaneti moja baada ya nyingine zikijaribu mlango. Kwa hivyo funga ile milango uliyofungua kwa rauta ili uone picha ukiwa kwa matatu Waiyaki Way. Zima UPnP. Ukitaka faili ukiwa nje, tumia VPN. Zima akaunti ya "admin", weka paswadi ndefu na uthibitisho wa hatua mbili, na apdeti ikija usiiahirishe.

Wengine watasema bekapu ni mambo ya wenye pesa. Hapo nawaelewa kidogo. Kupandisha terabaiti 4 kwenye wingu kwa kasi ya Mbps 10 kunachukua siku 37 mfululizo, na bili ya kila mwezi inangoja. Lakini nani amesema lazima iwe wingu? Nunua diski moja ya nje, nakili, ifunge kwa paswadi, ichomoe, ipeleke kwa auntie Kangemi. Mwezi ukiisha, irudie, na umbebee sukari. Siku moja jaribu kurudisha folda nzima kutoka kwa hiyo diski. Kama hujawahi kujaribu, hujui kama una bekapu.

Nakasirika kwa sababu najua kilichomo humo ndani. Tarehe 25 Juni 2024, mtandao ukizorota, vijana walirekodi barabara za tao kwa simu na kamera zao. Video nyingi hazikuwahi kupostiwa. Ziko kwa visanduku chini ya TV, pamoja na harusi za wateja na sauti ya shosho akisimulia alivyohamia Nairobi. Hakuna karani wa Moi Avenue atakayekuja kukubishia mlango akiziomba. Shosho mwenyewe hayuko tena wa kurekodiwa upya.

Wikendi hii, kabla ya kunikuta Archives, pitia Kangemi.